Pumzi za Elkana

Majirani wa mtaa wa Munuki, mjini Juba, walimwambia Millicent kwamba mumewe anakoroma tu, tena wakamcheka. Kukoroma! Kukoroma ni kwako wewe uliyeshiba ugali. Elkana alikuwa akinguruma mara tatu, nne, kisha kimya. Kifua kinahangaika na hewa haiingii, mpaka Millicent amfinye ndipo ashtuke na kuhema kama mtu aliyetolewa majini. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Na kazi yake ilikuwa nini? Kuendesha lori kutoka Nimule mpakani hadi Juba, kwenye barabara ya vumbi na mashimo, mwaka mmoja kabla ya kura ya maoni ya kujitenga na kaskazini, wakati karibu kila kitu kilicholiwa mjini kilipita huko.

Kwanza waliambiwa ni malaria. Juba nani hana malaria? Akameza dawa mara tatu, bure. Walipokwenda nyumbani Krismasi, daktari mmoja wa Kisumu akawaeleza kwamba koo la Elkana linajifunga akilala. Dawa ya kumeza hakuna. Kuna mashine yenye barakoa, inampulizia mtu hewa usiku kucha. Kuna upasuaji, lakini si kila mtu unamsaidia. Apunguze mwili, aache pombe, alale kwa ubavu. Na mpaka atibiwe, asishike usukani. Elkana aliitikia kwa adabu. Nje akamwuliza mkewe, asiposhika usukani, binti yao Quinter atasomeshwa na nani?

Millicent alikuwa fundi wa kushona, basi akaanza na alichokijua. Alishona mfuko mgongoni mwa fulana, akatia kokwa mbili za embe, ili Elkana akilala chali zimuumize, ageuke. Zilisaidia, msidhani hazikusaidia. Lakini madereva wenzake pale Nesitu, wanapopumzikia, waliiona ile nundu wakamwita ngamia, na fulana ikarudi nyumbani imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wanaume bwana! Pombe aliacha. Mwili ulipungua kidogo, halafu ukagoma.

Mashine waliipata Kampala, imeshatumika, na Millicent aliuza cherehani yake moja ili inunuliwe. Ila Munuki walikuwa wanavutiwa umeme kutoka kwa jenereta ya jirani, na jirani aliizima saa nne usiku. Elkana akajiona mjanja. Safari iliyofuata aliiunga mashine kwenye betri za lori, akalala Nesitu ndani ya kebini. Alilala kama mtoto, usiku mzima, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Alipoamka akageuza ufunguo, lori kimya. Betri zilikuwa kuukuu kama lori lenyewe. Mpaka wapatikane watu wa kusukuma ilikuwa adhuhuri, na nyanya za watu zimeiva mara mbili juani. Igga, mwenye lori, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba akiiona ile mashine tena ndani ya gari lake, Elkana atafute lori la baba yake.

Ikabaki tiba moja, Millicent mwenyewe. Alifunga kibanda chake cha kushonea, akapanda lori. Njiani alimsemesha mumewe habari za harusi, za misiba, za wateja wasiolipa, na kichwa kikianza kuinama alimfinya paja. Wakisimama apumzike, alikaa karibu naye akisikiliza. Pumzi ikikatika, anamwamsha. Wiki tano zilikwenda hivyo. Paja la Elkana lilikuwa na alama, na Millicent hakukumbuka tena habari ambayo hakuwa amemsimulia.

Siku moja mchana, Nesitu, Elkana aliegesha lori akajinyoosha kwenye kiti. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Quinter," alisema, "leo usiniamshe."

"Na pumzi ikikatika?"

"Hata ikikatika. Kila siku unaniokoa, na kila siku silali. Niache nilale mara moja tu."

Akalala papo hapo. Akanguruma, kisha kimya. Millicent aliikalia mikono yake mwenyewe ili isimguse, akaanza kuhesabu. Kwenye kumi na nne pumzi ikarudi yenyewe. Akafurahi, akasema moyoni labda ataweza kumwacha alale. Ikakatika tena. Alihesabu ishirini, thelathini. Midomo ya Elkana ilikuwa inabadilika rangi. Ee Mungu, angefanya nini? Alimfinya kwa nguvu zake zote.

Elkana alifumbua macho. Hakumgombeza. Alifunika uso kwa mikono yake mikubwa, akalia kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. Millicent alimwomba msamaha, mara nyingi, mpaka mumewe akajifuta macho, akawasha lori.