Shemeji na Ufunguo Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa wateja wake wa majumbani, Shemeji alilifunga duka lake la makufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme pembeni mwa barabara, kisha akarudi kulitikisa kufuli. Alilivuta chini kwanza, halafu akalisukumia mlangoni likagonga bati, ndipo moyo wake ukatulia akaenda zake.

Mtaa ulimcheka. Muuza mkaa wa jirani alisema hajapata kuona fundi wa makufuli asiyeamini makufuli. Shemeji alimjibu jibu lilelile siku zote: kufuli analiamini sana, asiyemwamini ni aliyelifunga.

Nyuma ya duka, ukuta kwa ukuta, alilala mama mkwe wake. Macho ya kikongwe yalikuwa yameingia ukungu, na kwake yeye bati likigongwa ndiyo kumekucha. Asipolisikia hakuamka. Alisema kama mkwe wake hajaondoka, basi jua nalo halina haraka.

Shemeji alikuja mtaani humo akiwa kijana, ana mfuko wa tupa na bisibisi begani, kutoka nchi ya ng'ambo ya mto. Alipanga chumba, na haukupita muda akamwoa binti wa mwenye nyumba, aliyekuwa mfua mashuka wa hospitali. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa ukweni kwake. Hata watoto wadogo wasiojua ndoa ni kitu gani walimwita Shemeji, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu, limekunjwa mfukoni.

Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Wageni, na ilikuwa kali. Mgeni hafungui duka bila kibali. Mgeni halali nyumba ya mwenyeji mpaka ameripotiwa. Lakini mwisho wa sheria palikuwa na jedwali la nchi chache zilizoitwa nchi wenza, na juu ya jedwali paliandikwa kwamba raia wa nchi hizo hatahesabiwa kuwa mgeni. Nchi ya ng'ambo ya mto ilikuwemo, na nchi ya milimani ilikuwemo. Shemeji hakusoma sana, ila maneno hayo aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kwake. Askari akimsimamisha, aliyatamka, akatoa kitambulisho cha kwao, na askari akamwachia apite huku akimuuliza kama anaweza kuja kumtengenezea kitasa cha kabati.

Mwaka mmoja serikali ilitangaza kwamba wageni waliokaa muda mrefu waje waombe uraia. Watu wa nchi za mbali, ambao hawakuwa na jedwali la kuwabeba, walijipanga kwenye jua mpaka wakapata. Watu wa nchi wenza walipita pembeni wakiwatania, wakiwauliza kama hapo panagawiwa sukari. Mke wa Shemeji alimsihi naye aende. Shemeji alikuwa anatia grisi bawaba, hata hakuinua uso.

"Mtu haombi kuingia chumba alichomo," alisema.

Mama mkwe alikuwa kitandani, wakadhani amelala. Akasema kutoka gizani kwamba undugu wa karatasi hauvumilii mvua. Shemeji alicheka, akamwambia mama alale, mawingu hayapo.

Sasa, Afisa wa ofisi ya wageni alifika dukani kwa sababu ya kabati la ofisini kwake lililokataa kufunguka. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu visivyoshika vumbi na sauti ya mtu anayeongea msibani. Shemeji alimfungulia kabati lile pasipo kulikwaruza. Afisa akampenda. Akaanza kumpa kazi za ofisi, leo mlango wa stoo, kesho geti la uani, na yeye pia akamwita Shemeji kama mtu aliyezaliwa mtaani pale.

Asubuhi moja alikuja na gari la kijivu, akasema kuna silinda ya kitasa, pale ufunguo unapoingia, ya kubadilisha, kazi ndogo. Gari halikwenda mbali. Lilisimama chini ya mtaa, kwa Mwoka Mikate, mtu wa milimani ambaye Shemeji alinunua mkate wake tangu alipokuwa hajaoa. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye mwimo, usawa wa bega, palikuwa na mstari mfupi wa chaki nyeupe. Shemeji alidhani ni watoto. Akaufuta kwa mkono wa shati ili aone vizuri anapotoboa, akapiga magoti.

Alipokuwa anafungua skrubu aliona ndani. Meza ilikuwa na unga. Beseni kubwa lilikuwa na donge lililokandwa likaachwa lifure, nalo lilikuwa limefura kupita kiasi, limeinua kitambaa, limeanza kumwagika pembeni ya beseni polepole, linagusa sakafu. Hakuna aliyekuja kulikandamiza. Tanuri lilikuwa bado na joto. Mwoka Mikate mwenyewe hakuonekana.

Mke wa Mwoka Mikate alisimama nje na watoto wake, unga umemkauka vidoleni. Huyu alikuwa mwenyeji, mzaliwa wa mtaa uleule, na nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Alikuwa halii. Alikuwa anamwangalia Shemeji mikono, jinsi inavyotoa silinda ya zamani na kuingiza mpya. Shemeji alipomaliza kazi na kusimama, yule mama akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei.

"Na wewe, Shemeji?"

Shemeji hakujua aliulizwa nini. Alijibu kwamba yeye ametumwa tu, akaingia garini.

Njiani Afisa alimweleza bila kulazimishwa. Nchi ya milimani imetolewa kwenye jedwali. Haikuhitaji bunge wala kelele, waziri ana uwezo wa kuongeza nchi na kupunguza nchi kwa tangazo. Imetolewa Ijumaa, na kuanzia Jumatatu mtu wa milimani ni mgeni kama wageni wengine, na kwa kuwa hana kibali, ni mkosaji. Nyumba atakayokutwa ndani yake inafungwa, na mwenye nyumba anashitakiwa kwa kumficha, hata kama ni mkewe.

Shemeji aliuliza Mwoka Mikate amefukuzwa kwa kosa gani hasa.

"Hatufukuzi mtu," Afisa alisema. "Sheria ilikuwa imewasamehe. Sasa haiwasamehe tena."

Shemeji aliangalia nje. Alikuwa anajiuliza kama walikuwa wamesamehewa, kwani walikuwa wamekosa nini. Lakini alijiambia wale ni watu wa milimani, na watu wa milimani siku zote walikuwa na maneno mengi. Ng'ambo ya mto ni kitu kingine. Hata maji tunakunywa ya mto mmoja. Usiku alikula vizuri, akamweleza mkewe habari yote kasoro ile ya donge, maana donge lile lilikuwa bado linafura kichwani mwake na hakutaka lihamie kwa mtu mwingine.

Mtaa ulikaa bila mkate. Watu walizoea, kama wanavyozoea jino lililong'oka, ulimi unapapasa pale kwa siku chache kisha unaacha.

Ndipo Afisa alipoleta kazi kubwa. Alitaka silinda nyingi, sanduku zima, na zote zifunguke kwa ufunguo mmoja. Fundi yeyote wa vitasa anajua kazi hiyo. Unafungua silinda moja moja, unapanga pini zake za ndani ziwe na urefu sawa na za mwenzake, unarudishia, unajaribu. Ni kazi ya macho na subira. Shemeji alifurahi kwa sababu alidhani ni za stoo za serikali. Aliuliza milango ni mingapi ili asikose vifaa.

Afisa alitabasamu. "Watu wa kwenu hapa mtaani wako kaya ngapi?"

Shemeji alicheka, maana aliyemuuliza alikuwa anacheka. Kisha Afisa akaacha kucheka, yeye akawa bado anacheka peke yake, na ikamchukua muda kuona aibu.

Alifanya kazi ile dukani, mlango umerudishwa. Mke wake alirudi kutoka hospitali akinukia sabuni, akasimama akiangalia zile silinda zilivyopangwa mezani kama meno. Hakumuuliza za nani. Alisema kwamba Fundi Cherehani wa upande wa pili, mama wa ng'ambo ya mto kama yeye Shemeji, alikuwa amekwenda ofisini kuomba kibali mapema, asisubiri mvua. Dirishani aliambiwa kibali huombwa mtu akiwa nje ya nchi. Aliyemo ndani bila kibali hawezi kuomba, kwa sababu tayari ana kosa. Akauliza, sasa kosa langu limeanza lini, mimi mbona bado niko kwenye jedwali. Karani akamwambia basi rudi likishaanza.

"Karani yule alikuwa anatania," alisema Shemeji.

"Fundi Cherehani hakucheka," alisema mkewe.

Kesho yake, alipofunga duka na kwenda kwenye nguzo na kurudi, Shemeji alitikisa kufuli, likagonga bati, na macho yake yakaenda kwenye mwimo. Usawa wa bega palikuwa na mstari mfupi wa chaki nyeupe. Aliangalia ng'ambo ya barabara. Mlango wa Fundi Cherehani ulikuwa nao. Mlango wa muuza mkaa, mwenyeji wa damu, ulikuwa mtupu, na mlango wa baada yake ulikuwa mtupu. Watoto wangechora popote.

Aliinua mkono wa shati aufute. Akauteremsha. Alikumbuka kwamba ule wa kwa Mwoka Mikate aliufuta vizuri kabisa, na haukumsaidia Mwoka Mikate kitu.

Siku hiyo hakwenda kwa wateja. Alikaa na mke wake jikoni, wakaongea kwa sauti ya watu walio karibu na mgonjwa. Mke alisema wajifungie ndani wote, waone nani atamtoa. Alisema nyumba ni ya mama yake, na mama yake ni wa hapahapa, kitovu chake kimezikwa uani. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkumbusha mama wa unga vidoleni. Yule naye alikuwa wa hapahapa. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Sasa analala na watoto kwenye baraza ya watu, na silinda iliyomfungia nje imetiwa na mikono hii.

"Wakinikuta humu, wanamfungia mama nje," alisema. "Kipofu mtu mzima. Wasiponikuta, mlango huu ni wenu."

"Na ukienda huko, utaomba kibali urudi," mke alisema. Hakulisema kama swali.

"Nitaomba."

Wote wawili walijua kwamba ng'ambo ya mto hana hata kaburi la kuelekeza. Wazazi wake walikufa akiwa huku, wakazikwa na wengine, na lafudhi yake ilishageuka kuwa ya ukweni.

Redio ilikuwa inaongea chumbani kwa kikongwe. Ilisoma tangazo la serikali katikati ya habari za bei ya mafuta na mpira. Jedwali limerekebishwa. Msomaji hakubadili hata sauti. Marekebisho yanaanza kesho. Mama mkwe alizima redio, na nyumba nzima ikasikia kidole chake kilivyobonyeza.

Shemeji alirudi dukani akamaliza silinda ya mwisho. Halafu alikata funguo ambazo hakuna aliyemwagiza. Mmoja alivuka barabara akampa Fundi Cherehani, akamweleza kwamba mlango wake utakapobadilishwa kitasa, huo utaufungua, na wa jirani yake yeyote wa kwao pia. Fundi Cherehani aliugeuza mkononi. Alimuuliza aliyefungiwa nje afungue aingie wapi, kama ndani ndiko anakokatazwa. Yule mama aliutia kwenye kopo la vifungo, akaurudisha mguu kwenye pedali akaendelea kushona.

Wa pili alimpelekea mama mkwe. Kikongwe aliupapasa meno kwa kidole gumba.

"Huu si wa mlango wangu."

"Bado, mama. Wakija wakaupa mlango kitasa kingine, huu utakubali. Usimwonyeshe mtu."

Mama mkwe aliufunga kwenye pindo la nguo yake. Kisha akasema, "Nilikwambia kuhusu mvua, mkwe wangu. Sikutaka niwe nimesema kweli."

Asubuhi, jua lilipokuwa linapanda juu ya mabati, Shemeji alitoka na mfuko wake wa tupa na bisibisi, uleule aliokuja nao, umechakaa pembe. Sanduku la silinda aliliweka kizingitini, mahali ambapo dereva wa Afisa angeliona bila kugonga. Mke wake alikuwa ameshakwenda kazini. Waliagana jikoni, alfajiri, na Shemeji aliomba asitazamwe akiondoka. Muuza mkaa alikuwa anapanga mafungu yake. Alimwona, akafungua mdomo amtanie kama kawaida, halafu akaona mwimo wa mlango, akainama akaendelea kupanga mkaa.

Shemeji alifunga duka. Ufunguo aliolifungia aliusukuma chini ya mlango ukaingia ndani, akausikia ukiteleza kwenye simenti mpaka ukasimama. Akatembea mpaka kwenye nguzo ya umeme.

Hapo miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea. Kiganja kilikuwa kinamwasha. Alijua nyuma ya ukuta ule kuna mtu amelala macho wazi, anasubiri bati ligongwe ndipo kukuche. Gari la kijivu lilitokea kwa chini, kwa Mwoka Mikate, likipanda taratibu, likisimama, likipanda tena.

Alihamisha mfuko bega la pili, akapita nguzo, akaenda.

Chumbani kikongwe alisubiri. Alisikia gari likisimama nje, akasikia sanduku likiburutwa. Jua liliingia dirishani likamfika miguuni, akalihisi lina joto, naye hakuamka.