Majembe ya Pwani Hayakulia

Nakaa kidogo, nainuka. Ndivyo nilivyo tangu nilipohangaikia majembe manne ya mahari pale Rumonge. Walionifikisha hapa nawajua: mutware, yaani chifu wa mwambao wa ziwa, karani wa forodha, na tajiri wa duka kubwa.

Siku zote tulipakia mitungi ya mawese mtumbwini, tukavuka ziwa, tukarudi na majembe ya wahunzi wa ng'ambo. Hakuna aliyetuuliza kitu. Kisha Mjerumani akatuita barazani, na mutware akatutafsiria: sasa sisi na pwani ni soko moja, bidhaa zao zitatufikia bila ushuru. Ng'ambo ni kwa Mbelgiji, bidhaa za huko ndizo zenye ushuru. Alitafsiri akitabasamu, amevaa kanzu mpya.

Nilivuka hata hivyo. Kule niliyagonga majembe moja moja, yakalia vizuri. Niliporudi, karani akanisimamisha ufukweni, akadai ushuru. Sikuwa nao. Akayachukua yote manne.

"Bwana karani, haya iko ya mahari," nikamwambia.

"Pwani iko majembe mengi. Kaoe na hayo." Askari wake wakacheka.

Basi mawese nikampelekea tajiri. Hakukuwa na mnunuzi mwingine tena, kwa hiyo alitoa alichotaka: kwa mitungi ya majembe manne, mawili tu. Nikakamua msimu mwingine mzima kupata mawili ya kuongezea. Majembe ya pwani yalikuwa meusi, yanang'aa. Nikajiona nimeshinda.

Kwetu jembe la mahari halitazamwi. Baba wa binti hulining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa jiwe, akasikiliza. Nilijua hilo, na bado dukani sikugonga hata moja. Ule mng'ao ulinipumbaza. Kule Gitaza, kwa akina mchumba wangu, mzee wake akagonga la kwanza. Likasema ka, kama kibuyu kikavu. La pili vilevile. La tatu hakuligusa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "haya hayalii. Binti yangu nimwambie ameposwa kwa kitu gani?"

Mwezi haukuisha, nikarudi kumwomba aningojee msimu mmoja tu. Nje ya ua nikasikia jiwe likigonga chuma. Sauti ile niliijua, niliisikia kwanza ng'ambo. Nikachungulia: mbele ya mzee ameketi karani wa forodha, amepiga kanzu.

Nikaondoka kabla mzee hajagonga la nne.