Mkwe na Gunia la Buni

Mtaani kwetu alijulikana kwa jina la Chungu tu. Alikuwa muuza kahawa, na kahawa yake haikuwahi kuona sukari. Mteja akiuliza, alimjibu, "Sukari nenda dukani, mimi nauza kahawa," na kabla mtu hajanuna alikuwa ameshamjazia kikombe cha pili. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kilitazamana na mlango wake, kwa hiyo moshi wake ndio uliokuwa ukiniamsha. Alikaanga buni mwenyewe kwenye sufuria pana, akikoroga kwa mwiko mrefu, macho yanamtoka machozi, na bado anapiga soga na kila apitaye.

Mkewe tulimwita Bibi Harusi. Mama yake alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na tangu binti angali kigori alimvalisha magauni ya wateja ili waone yanavyokaa mwilini. Alipita mtaani na gauni jeupe mara nyingi mno, hata siku alipoolewa kweli hakuna aliyegeuza shingo. Utani huo aliutoa mwenyewe, akicheka mpaka anashika mbavu. Hawakujaliwa mtoto. Walipendana kwa namna ya watu wasio na haraka. Ungewakuta jioni wamekaa kwenye benchi wanachambua buni, huyu anatupa mbovu, yule anaziokota na kusema hizi si mbovu.

Mama Magauni, ndivyo tulivyomwita mama mkwe, hakuipenda ndoa ile tangu posa. Alisema moshi wa kahawa ukishaingia kwenye kitambaa cheupe hautoki, na bintiye ameenda kuolewa na moshi wenyewe. Lakini mpanda ngazi hushuka. Nyonga ilimharibikia, akawa hawezi kupanda kwenye chumba chake cha ghorofani, akahamia kwa binti, ndani ya moshi ule ule. Kila asubuhi Chungu alimpelekea kikombe, akakiweka kizingitini bila kutazama ndani, kama mkwe mwenye adabu. Kila asubuhi kikombe kilirudi kimepoa na kimejaa.

"Mama, kahawa imekukosea nini?" bintiye alimuuliza siku moja, nami nasikia.

"Kahawa haina kosa," alijibu.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama imetumwa. Juu ya mtaa wetu kulikuwa na tuta la udongo lililouzuia mto, na watu walikuwa wamelisemea mpaka midomo ikachoka. Lilipasuka asubuhi, wakati tunafungua maduka. Maji hayakuja kwa kishindo kama nilivyodhani maji huja. Yalikuja kimyakimya, rangi ya matope, yakaninyanyulia kiti cha wateja na kuondoka nacho huku nakitazama.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa juu, kilima chenye tanuri la matofali ambalo wenyewe walikuwa wamelihama siku nyingi. Kila mtu akakimbilia huko na alichoweza kushika. Nilimwona Chungu ameinama mbele ya mama mkwe.

"Panda, mama."

"Nikupande mgongoni? Mkwe wangu?"

"Mama, maji hayajui ukwe. Panda."

Akapanda. Njia nzima alifumba macho kwa haya, na Chungu naye alitembea ameinamisha kichwa, kama mtu aliyefumaniwa. Nyuma yao alikuja Bibi Harusi na gunia la buni kichwani, lililoletwa jana yake, bado limefungwa.

Nikamfokea, "Tupa hilo, beba unga!"

"Unga ulikuwa chini, umeshalowa," alisema. "Hili lilikuwa juu ya meza."

Tulifika. Bibi Harusi akatua gunia, akamsaidia mama yake kukaa kwenye matofali, akampangusa miguu kwa pindo la gauni lake. Hapo ndipo mama alipojipapasa mapajani, mara mbili tatu, akasema, "Mkasi wangu. Mkoba wa mkasi na miwani. Nimeuacha kitandani."

Hakumtuma bintiye. Hilo nalisema kwa sababu nilikuwepo. Alisema tu, kama mtu anavyosema amesahau kitu. Mkasi ule alianza nao kazi angali msichana, na bila miwani hakuona hata tundu la sindano.

Chungu akasimama. Mkewe akamkamata mkono. "Wewe kaa, mgongo umekufa. Maji bado ya magotini. Naenda na kurudi."

Alishuka akiwa amelikunja gauni lake kiunoni. Aligeuka mara moja kusema neno, lakini upepo ulilichukua. Muda si mrefu tukasikia mlio upande wa tuta, kama lori linamwaga kokoto, na sehemu iliyobaki ya tuta ikaja yote pamoja. Mtaa tuliokuwa tukiuona mapaa yake hatukuuona tena. Chungu alikimbia mpaka kwenye maji, akaingia, yakamtupa nje. Akaingia tena. Wanaume ilibidi tumkalie.

Kilima kikawa kisiwa, nasi tukajibanza ndani ya tanuri. Tulikuwa watu wa nyumba chache, wengi wanawake na watoto, na unga uliookolewa ulikuwa wa kugawana kwa kikombe. Maji yalituzunguka pande zote na yalikuwa hayanyweki. Yalipita vyooni na makaburini kabla hayajafika kwetu. Muuguzi mmoja wa zahanati aliyekuwa nasi alitusihi tuyachemshe, lakini maji ya matope yaliyochemshwa yana ladha ya matope ya moto, na watoto waliyatema. Wakaanza kwenda kunywa ukingoni kwa kujificha.

Chungu alikuwa hajasema neno tangu siku ile. Asubuhi moja tu tukamwona amefungua gunia. Alitafuta kipande cha bati, akakinyoosha kwa tofali, akakiweka juu ya moto wa mbao za milango zilizoletwa na maji, akaanza kukaanga. Akatwanga kwa jiwe juu ya jiwe. Akachemsha kwenye debe la rangi tuliloliparua kwa mchanga, akaacha mpaka mashapo yatue na kuyavuta matope chini pamoja nayo. Ile harufu ilipotanda ndani ya tanuri, nakwambia, watu wazima walilia. Ilikuwa ni harufu ya mtaa wetu.

Kuanzia hapo kahawa ndiyo iliyotufanya tubaki watu. Hakuna aliyekunywa maji mabichi tena. Watoto walipewa nyepesi, wakubwa nzito. Mashapo yalichemshwa tena na tena mpaka yakabaki na rangi tu. Kahawa haishibishi, lakini inaidanganya njaa ikakaa chini kidogo. Na ilitupa saa: kahawa ya asubuhi, kahawa ya jioni, na katikati yake kutafuta kuni, kuchota, kusubiri. Bila hiyo siku ilikuwa haina mlango wala dirisha.

Mama Magauni peke yake hakunywa. Alikaa kwenye tundu la tanuri palipokuwa pakichomwa moto zamani, amegeukia ukuta. Chungu alimpelekea kikombe cha kwanza kila asubuhi, akakiweka, akaondoka. Kilirudi. Wengine waliinamisha macho. Ila mke wa seremala wa mtaani kwetu hakuweza kunyamaza.

"Mimi ningekuwa wewe nisingempa hata maji," alimwambia Chungu kwa sauti ya kunong'ona ambayo wote tuliisikia. "Mkasi! Mtu anafia mkasi?"

Chungu akaendelea kukoroga. "Ni mama yake," alisema.

Ndipo akatokea mtu mwenye mtumbwi. Alikuwa akizunguka vilima kutafuta ndugu zake, na kila alipofika alipewa chochote kwa kubeba habari. Chungu alimshika kabla hajatua vizuri. Akamweleza mkewe alivyo, urefu wake, gauni la bluu lenye pindo la maua. Kisha akaliburura gunia, ambalo sasa lilikuwa limepungua na kubaki chini ya nusu, akaliweka miguuni pa yule mtu.

"Chukua lote. Mtafute tu."

Seremala akainuka. "Lote? Na sisi? Watoto wanywe nini?"

"Ni gunia langu."

"Ni lako, hakuna anayebisha. Lakini, ndugu yangu, lote?"

Kelele zikaanza. Mimi mwenyewe sikujua niko upande gani. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na kiu. Katikati ya kelele tukasikia sauti kutoka kwenye tundu la tanuri, sauti kavu ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Usitoe."

Mama Magauni alikuwa amegeuka. "Usitoe, mkwe. Hayupo. Mimi nimemzaa, najua. Usichukue kinywaji cha walio hai ukamnunulie aliyekufa."

Chungu akaliachia gunia, akamgeukia. Lile neno alilokuwa amelimeza tangu siku ya kwanza likamtoka. "Wewe ndiye wa kuniambia hivyo? Wewe? Alikwenda kuchukua mkasi wako!"

Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamziba mdomo.

"Ndiyo," alisema Mama Magauni. "Alikwenda kuchukua mkasi wangu." Akalisema polepole, kama anayehesabu mishono. "Nasubiri mtu aniambie. Nyote mnanipita kama mnapita choo. Wewe unaniletea kikombe. Kila siku unaniletea kikombe! Ningependa unipige, mwanangu, kuliko kikombe kile."

Chungu akakaa chini pale pale kwenye matope, akalia kwa sauti. Mwanamume mzima, bila kujifunika uso. Yule mama akaanza kujikokota kutoka kwenye tundu lake, kwa makalio na mikono, nyonga ile haikumruhusu kusimama. Hatukujua kama tumsaidie au tumwache. Akafika. Akanyoosha mkono kwenye debe, akachukua kikombe cha mtu, akajichotea, akanywa.

Uso ukamkunjamana. "Chungu," alisema.

"Ndivyo ilivyo, mama," Chungu akamjibu katikati ya kilio.

Akanywa mpaka chini.

Mwenye mtumbwi hakuchukua gunia. Alikunywa vikombe viwili, akafungiwa buni kiasi cha konzi mbili kwenye kitambaa, akaondoka. Aliporudi alileta kipande cha pindo la gauni la bluu. Watu wa upande wa pili walikuwa wamemkuta Bibi Harusi kwenye wavu wa uwanja wa mpira, wakamzika pembeni ya uwanja pamoja na wengine waliookotwa siku hiyo. Mama Magauni alilipapasa pindo kwa kidole gumba, kwa kuwa macho hayakuona, akasema, "Mshono wangu." Kuhusu mkoba, mwenye mtumbwi alisema marehemu hakukutwa na kitu mkononi. Hatukujua kama alifika nyumbani au hakufika.

Gunia lilikwisha kabla maji hayajaondoka. Tulichoma ganda la mti, tukachoma mbegu tusizozijua, tukachemsha. Rangi ilikuwepo, kahawa haikuwepo. Watoto wawili waliharisha wakafa katika siku hizo za mwisho. Mmoja alikuwa wa seremala. Chungu ndiye aliyechimba makaburi yao, kwa kipande cha bati lile lile alilokuwa akikaangia. Kisha boti zikaja, tukapelekwa kwenye mahema, na kutoka kwenye mahema kila mtu akaenda alikokuwa na wa kumpokea.

Kaka yake Chungu alikuja kumchukua. Alikuwa na nyumba na nafasi. Chungu akauliza, "Na mama?" Kaka akasema mama ana ndugu zake, atafutiwe, tena mtu na mkwewe chini ya paa moja, na aliyewaunganisha hayupo, watu watasema nini? Chungu akamshukuru, akabaki.

Walipanga chumba kimoja, wakakigawa kwa shuka. Watu walisema, bila shaka walisema. Yeye alipata kazi ya kukaanga kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, kahawa ya kufungwa kwenye pakiti, hakuwa anaiuza wala kuongea na wanywaji. Mama alinunuliwa miwani mingine isiyomfaa sana na fimbo ya kumsaidia kusimama, akawa anashona mifuko ya ghala. Nilikuwa nikienda kumnyoa Chungu, maana alikataa vinyozi wa huko. Hakuwa mtu wa soga tena. Ungemwambia jambo la kuchekesha, akatabasamu kwa adabu.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, tulikwenda watatu kutafuta kaburi. Uwanja tuliuona, lakini mafuriko madogo yalikuwa yamepita tena na kusawazisha kila kitu. Hakuna tuta, hakuna kijiti. Majani yalikuwa yameota mazuri, na vijana wa pale walikuwa wameshasimamisha magoli. Tuliwauliza, wakasema walisikia kuna watu pembeni huko, ila hawakujua ni pembe ipi.

Chungu alizunguka uwanja mzima, anatazama chini. Alirudi pale alipoanzia.

Mama Magauni alikuwa amesimama na fimbo yake karibu na pembe moja. Akaipiga ardhi mara moja. "Hapa."

"Umejuaje, mama?"

"Sijui," alisema. "Miguu imechoka."

Akakaa kwenye majani. Chungu akasimama kwa muda, kisha akakaa kando yake, bega kwa bega. Mimi nikaenda kusimama upande wa goli, nikawaacha.