Kibanda cha Mhunzi pale Ijumbi

Enzi za Waingereza nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya misheni, Ijumbi. Kitabu chetu cha kusomea kilikuwa na somo juu ya kijiji kidogo cha Uingereza: kanisa la mawe, daraja la kale, bwawa la mabata na kibanda cha mhunzi. Wanafunzi walilikariri neno kwa neno.

Siku moja mkaguzi Mzungu alikuja kusikiliza. Alifurahi mno. Akawaambia watoto kwamba yeye kazaliwa katika kijiji cha namna ile ile, na kibanda cha mhunzi cha kwao kimesimama tangu enzi za babu wa babu yake.

"Hakuna anayeruhusiwa kung'oa hata jiwe moja," alisema. "Ule ni urithi wetu."

Damu ilinichemka. Juma lile lile, vibarua wa serikali waliochonga barabara ya kupitishia kahawa walikuwa wamebomoa kibanda cha babu yangu mzaa mama, mhunzi aliyerithi kazi kwa baba yake. Nusu ya Ijumbi ililima kwa majembe yake. Fuawe lake, jiwe alilofulia chuma, walilitupa mtaroni.

"Bwana," nilisema, "hapa pia palikuwa na kibanda cha mhunzi. Kilikuwa pale ng'ambo. Mlikivunja Jumanne."

Alichungulia dirishani. "Kile cha nyasi? Kile si urithi, mwalimu. Endelea na somo."

"Somo limekwisha," nikajibu. Nilifunga kitabu, nikawatoa watoto wote nje.

Tulimkuta babu mtaroni, matope magotini, akilivuta fuawe peke yake.

"Waitu, tafadhali babu, tupishe," nilimwambia.

Tulilikokota hadi kwenye kibanja chake, tukaliweka kati ya migomba. Babu akawaeleza watoto jinsi baba yake alivyoyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto ya kupulizia moto. Walisikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi. Mkaguzi alisimama kwenye baraza ya shule, akitazama saa yake.

Baada ya siku chache niliondolewa darasa la nne, nikapewa kufundisha wasichana kushona. Sikuomba radhi, ingawa padri alinisihi mara mbili.

Babu hakuwasha moto tena. Alipofariki, tulichimba kaburi lake kwa jembe la dukani Bukoba, lililoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Nilisoma chapa ya kiwanda kwenye bapa lake, nikashindwa hata kulia kwa hasira.