Wajukuu Wangu wa Wakati wa Korona

Nilikuwa na kituo cha kulelea watoto. Nimelikana jambo hili mbele ya majirani na ndugu, na kila mara nilikuwa na hoja nzuri. Hoja ndicho kitu pekee nilichotoka nacho chuo kikuu.

Kila asubuhi, pale kwangu Nachingwea, kina mama waliokuwa wakienda shamba waliacha watoto uani. Mimi na dada mmoja kutoka Mandawa, upande wa Ruangwa, tuliwapikia uji na kuwaogesha. Wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa walilipa kwa maziwa. Wengine walilipa pesa, na ndiyo niliyokuwa nampa dada.

Korona ikaja, ikatangazwa shule na vituo vifungwe. Afisa wa kata akafika. Yeye ni Mngoni, mimi Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu.

"Mtani, funga kituo."

"Kituo kipi? Hawa wajukuu zangu."

"Wajukuu, na hujazaa! Au ni wale panya mnaokula ndio wanawaletea wajukuu?"

"Waulize babu zako, waliotembea kutoka kwa Wazulu kuja kutuibia kuku."

Akacheka, akaenda zake. Kina mama wengi waliogopa ugonjwa, wakabaki na watoto wao. Wafugaji tu ndio walioendelea kuleta, nasi tukabaki na maziwa bila pesa. Dada hakulalamika. Alisema kaka yake anamwita Mandawa kuvuna ufuta, lakini akipata mshahara atabaki.

Halafu mtani akarudi. "Serikali inatoa msaada kwa wenye vituo vya kulelea watoto. Nikuandikishe?"

Nilimkagua usoni. Huyu ndiye aliyelala, kwa utani, ndani ya kaburi la mjomba wangu, akagoma kutoka mpaka alipwe ndipo tuzike.

"Niandikishe," nikasema, "na wajukuu wapewe soda."

Aliondoka akicheka, nami sikujua nani kamtania nani.

"Sasa, nibaki au niende?" dada akaniuliza.

"Subiri kidogo."

Nikampigia mtani. Akasema hela iko njiani, imepanda baiskeli. Mtu mzima mwenye shahada, nilikaa jikoni nikiipima baiskeli ile: ni utani, au ni ahadi iliyochelewa?

Siku simu ilipoita kutoka ofisi ya msaada, niliweka spika ili dada naye asikie.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mwenye kituo?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mlifunga lini?"

"Hatukufunga hata siku moja!" nikasema kwa fahari.

"Pole mama. Msaada ni wa vituo vilivyofungwa."

"Lakini sisi ndio tuliokuwa tunalea watoto."

"Ndiyo, mama. Wenzenu ndio waliokosa watoto wa kulea."

Dada aliinamia simu, akamshukuru aliyepiga, kisha akatoka uani kuanua nguo zake za kwenda nazo Mandawa.