Leso Iliyomshinda Bi Mboni

Bi Mboni alikuwa na dharau ya kuwagawia watu wa mtaa mzima na nyingine ikabaki. Aliwadharau wanaume wanaovaa miwani ya jua ndani ya duka, akawadharau wateja wanaopima turubai kwa hatua za miguu, na tangu mwezi wa Rajabu, zaidi ya hao wote, akamdharau Idrisa.

Bi Mboni alikuwa fundi wa maturubai Kariakoo, mwenye fremu yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Maturubai ya malori, ya misiba na ya harusi yote yalipita chini ya cherehani yake. Ummy, binti wa marehemu kaka yake, alilelewa naye tangu akiwa na miaka sita. Kwa hiyo Idrisa alipomtaka Ummy, posa ilikuwa ya Bi Mboni kuijibu, na jibu alishalitunga: hapana.

Kisa ni kwamba Idrisa alikuwa mtu wa tanga. Angekuwa mvuvi, angalau dagaa wangefika nyumbani. Angekuwa nahodha wa meli, ingekuwepo kofia nyeupe na pensheni. Lakini huyu aliendesha boti ya tanga ya matajiri huko Kigamboni, boti isiyobeba hata gunia la mkaa. Wanaondoka ufukweni, wanazunguka, wanarudi palepale, halafu wanapongezana.

"Hata bajaji inafika mahali," Bi Mboni alisema.

Ummy hakukata tamaa. Kila alipomshikia turubai ashone, alichomeka sababu moja.

"Shangazi, anaweza kusonga ugali jiko likiwa linayumba."

"Jiko langu limetulia. Anataka kuja kuliyumbisha?"

"Ndoo moja ya maji inamtosha kuoga na kuosha vyombo. Na maji ya hapa yanavyokatika!"

"Huo ni uchafu, umepewa jina zuri tu."

"Halafu hakoromi."

Cherehani ilisimama. "Wewe umejuaje?"

"Mama yake kaniambia," Ummy alijibu haraka, macho yakiwa kwenye turubai. Bi Mboni alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kukanyaga tena.

Jumapili mshenga akaja, mzee muuza tasbihi, na barua ya posa imefungwa ndani ya leso. Katika ukoo wao shangazi ndiye anayeifungua leso, kwa mikono yake, mshenga akishuhudia. Akiikata, posa imekatika, na hakuna wa kuirudisha. Sasa Idrisa, kwa ujuaji wake, leso aliifunga mwenyewe, na aliifunga kama anavyofunga tanga.

Bi Mboni akavuta. Fundo likakaza. Akatia meno. Likakaza zaidi. Mshenga naye akajaribu mpaka kofia ikamlowa jasho.

"Labda tumpigie kijana," mzee alisema. Wakapiga. Hapatikani, yuko baharini.

"Mnaona?" Bi Mboni alisema, na moyo wake ukafurahi kweli. "Mwanaume anaposa, halafu hapatikani." Akanyoosha mkono, akachukua mkasi wake mkubwa wa maturubai.

Ummy, ambaye kwa desturi alipaswa kukaa chumbani, akatoka. Alikuwa analia.

"Shangazi, sababu za kukuchekesha zimeisha. Imebaki moja. Idrisa akisema anarudi saa kumi, anarudi saa kumi. Upepo ukimchelewesha, akigusa tu nchi kavu ananipigia kabla hajafunga boti."

Mkasi ukabaki hewani.

Chande, mume wa Bi Mboni, alikuwa mtu wa nchi kavu. Hata kivuko cha Kigamboni alikiogopa, na Bi Mboni alimkubali kwa sababu hiyohiyo: huyu hatapotea. Adhuhuri moja aliaga anaenda kununua vocha dukani. Chakula chake kilifunikwa kawa mpaka kikachacha. Sasa ni mwaka wa kumi na moja yuko Mbagala kwa mwanamke mwingine, na hajawahi kutuma hata salamu. Bi Mboni aliona uchungu, akaona na aibu, maana dharau yote ile alikuwa amemtupia mtu asiye mwenyewe.

Akaweka mkasi chini.

"Hili lidude linafunguliwaje?"

"Usilivute, shangazi. Lisukume lirudi nyuma, litalegea lenyewe."

Akasukuma. Fundo likalegea mara moja, bila ugomvi, na barua ikamwangukia mapajani. Aliisoma mpaka mwisho akiwa amekunja uso.

"Mwandiko mbaya," alimwambia mshenga. "Mwambie nimekubali. Na Jumapili ijayo aje mwenyewe nimwone, saa kumi."

Kisha akageuka, akaitazama saa ya ukutani ambayo kwa miaka kumi na moja hakuwa na wa kumngojea kwayo.

"Kamili," akasema.