Foleni Mbili za Ubwabwa

Dirisha la chumba chetu hosteli lilitazamana na jiko la chuo, na kuni zilipokolea moshi wote ulikuja kwetu. Uliingia hata dirisha likifungwa. Kanga zetu zilinuka moshi, mito ilinuka moshi. Mimi nilikereka tu, lakini mwenzangu wa chumba, binti wa Kipemba aliyevuka kuja Tanga kusomea ualimu, alikuwa na pumu. Asubuhi jiko likiwashwa alikaa kitandani ameinama, mikono magotini, akiitafuta pumzi, na mimi nazunguka chumbani nisijue la kufanya. Nampepea kwa daftari, nafungua dirisha, nalifunga, nalifungua tena.

"Hebu kaa kitako," aliniambia siku moja alipopata nafuu. "Unanichosha kuliko huo moshi."

Sikuweza kukaa. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Nyumbani Ngamiani mama alikuwa akinituma dukani hata bila haja, ili tu nyumba itulie kidogo.

Nikajiunga na klabu ya mazingira. Wakati ule klabu yenyewe ilikuwa ya kuokota chupa za plastiki ufukweni Raskazone, kupiga picha na kurudi. Mimi niliingia na jambo moja tu mdomoni: kuni. Nilisema kuni kila mkutano mpaka wenzangu wakawa wanacheka kabla sijanyoosha mkono. Mhadhiri aliyekuwa mlezi wetu hakucheka. Aliwahi kuona shule inayopikia biogesi: maganda na mabaki ya chakula yanatiwa kwenye tangi lililofungwa, yanaoza humo, na gesi inayotoka inakusanywa kwenye mfuko mkubwa na kupelekwa jikoni kwa bomba. Aliuomba uongozi wa chuo, ukakubali, tukachimba shimo nyuma ya jiko kwa mikono yetu.

Ikabaki samadi ya kuanzishia, maana mabaki peke yake huchelewa kuoza. Ndugu wa mwanachama mmoja alikuwa na ng'ombe kijijini Mwera, tukaenda na pikapu ya kuazima. Wakati wa kurudi mapipa ya samadi yalikuwa yakichuruzika, na tulipoingia Raskazone madereva wa bajaji waliziba pua. Mmoja akapaza sauti, "Nyie wasomi, ndiyo mnayosomea haya?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano.

Halafu ikaja kusubiri, na kusubiri ndiko kusikonifaa. Nilikwenda kuubonyeza ule mfuko kabla ya vipindi, baada ya vipindi, na mara nyingine katikati ya kipindi nikisingizia haja. Ulikuwa umelala bapa, kama gunia tupu.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mpishi mkuu, mama mnene mwenye sauti iliyokwaruzwa na moshi wa miaka.

"Marahaba. Umekuja tena? Mwanangu, hata unga wa maandazi ukiuchungulia hivyo hauumuki."

Mfuko ulipoanza kuvimba, tukawasha. Moto ukatoa mlio, ukazimika, ikabaki harufu ya mayai viza. Mlezi wetu akasema gesi ya mwanzo huwa hivyo, tuiache itoke. Sikumwamini. Niliendelea kuubonyeza mfuko mpaka siku tulipojaribu tena na moto ukashika, wa buluu, mfupi, umetulia. Mpishi mkuu akabandika sufuria ya maharage. Akainama juu yake, akakoroga, akainua uso.

"Mbona macho hayaniwashi?" akauliza, kana kwamba kuna kitu tumemficha.

Nilikimbia chumbani kumpa mwenzangu habari. Alinisikiliza huku akikunja nguo.

"Hiyo samadi ya ng'ombe," akasema, "ndiyo imo humo humo?"

"Ya kuanzishia tu. Basi."

Mchana hakwenda bwaloni.

Mwenyekiti wetu wa klabu, kijana aliyependa maneno makubwa, alikuwa amebandika tangazo kwenye mlango wa bwalo: TAKA ZETU, CHAKULA CHETU. Hakuhitajika adui mwingine. Kufika magharibi chuo kizima kilikuwa kinasema bomba la jikoni limeunganishwa na vyoo vya wavulana. Siku ya pili bwalo lilikuwa jeupe. Wanafunzi walijazana nje ya geti wakinunua mihogo ya kukaanga na chipsi mayai. Masufuria yalirudi yalivyotoka, na ubwabwa uliosusiwa ukaishia kwenye tangi. Mfuko ulivimba kuliko wakati wowote. Kadiri watu walivyokisusa chakula ndivyo gesi ilivyozidi. Mwenyekiti aliona ni kichekesho. Mimi nilikwenda hosteli.

Nilimkuta mwenzangu chumbani anakula mkate mkavu.

"Hata wewe?" nikamwambia. "Wewe mwenyewe? Unajua si choo."

"Najua."

"Au ni dini? Tukamuulize mtu."

"Nishampigia baba simu. Baba kasema halina neno, nile. Si dini, ni roho yangu tu. Kwetu mtu akitoka banda la ng'ombe haingii jikoni mpaka aoge. Nikikiona kile chakula, koo linafunga."

"Lakini nimefanya kwa ajili yako!"

Akaweka mkate chini. "Uliniuliza?"

Nikatoka, nikatembea mpaka baharini, nikarudi, nikatembea tena. Nilikuwa na hasira naye, kisha nikawa na hasira na mwenyekiti, kisha na ng'ombe wa Mwera.

Mkutano uliitishwa bwaloni, na nilikwenda na majibu yote kichwani: gesi haigusi chakula, bomba halifiki vyooni, njooni mkaone. Mlezi aliyasema hayo, watu wakaguna. Ndipo mwenzangu aliposimama. Sikutegemea, alikuwa mtu wa kukaa nyuma.

"Mimi moshi wa kuni unaniua," alisema. "Wanaokaa upande wetu wananisikia. Lakini hamuwezi kuamka siku moja mkanibadilishia moto ninaopikiwa, halafu mkaniambia nile. Tulipaswa kuulizwa. Anayetaka gesi apikiwe kwa gesi. Asiyetaka apikiwe kwa kuni."

Watu walipiga meza. Uongozi, uliokuwa karibu kuufunga mtambo, ukakubali. Tangazo likabanduliwa. Kuanzia hapo pakawa na masufuria mawili na foleni mbili. Ya gesi ilianza na sisi wanaklabu tu, tukitazamana kama wagonjwa hospitalini. Yule mama mpishi aliwaita wanafunzi kwa makundi waje waone tangi, wakaja wameziba pua, wakaondoka wamezizibua. Foleni yetu ikaongezeka kidogo kidogo.

Mwenzangu alibaki foleni ya kuni. Moshi ulikuwa umepungua, haukwisha, na alipobanwa na pumu nilizunguka chumba kama zamani, safari hii nikiwa na maneno tele niliyojizuia kuyasema. Nilikonda kwa kuyameza.

Masika yakaingia. Siku moja ya mtihani mvua ilinyesha tangu alfajiri, kuni zikalowa, jiko la kuni likawa linafuka tu. Foleni ya kuni ilisimama haina mbele wala nyuma. Niliketi na sahani yangu, nikamwona anatazama saa ya ukutani, anatazama sufuria, anaitazama saa tena. Kisha akachukua sahani, akavuka bwalo, akajipanga upande wa pili. Akapakuliwa ubwabwa na maharage, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Bismillahi," akasema, akatia tonge mdomoni. Akatafuna polepole. Akameza.

Mimi nilikuwa nimeacha kula.

"Usinitazame hivyo," akaniambia. "Nina njaa, na mtihani ni sasa hivi."

"Sijasema kitu."

"Miguu yako inasema. Inatikisa meza."

Niliikanyaga miguu yangu, mmoja juu ya mwingine. Akala tonge la pili, akasogeza kibakuli cha pilipili karibu, akaniuliza kama nimesoma ile sura ya mwisho, maana yeye hakuimaliza.